Maswali ya Wasomaji: Fizikia ya Yabisi kwa Asiye na Maabara

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia mkoani Morogoro. Nimesikia kuwa wanafizikia wa Afrika wanaochunguza yabisi hukutana kila baada ya miaka michache kwa muda wa majuma mawili. Chuo chetu hakina mitambo ya kutengeneza semikondakta, yaani dutu kama silikoni zinazopitisha umeme kwa kiasi tu. Je, nikienda huko nitakuwa na la kufanya, au nitakaa tu kuwasikiliza wakubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, mkutano huo ni ASESMA, yaani Shule ya Afrika ya Mbinu za Kukokotoa Muundo wa Elektroni na Matumizi Yake, na uliandaliwa kwa ajili ya watu wa hali yako hasa. Ulianzia Cape Town mwaka 2010, ukafika Eldoret mwaka 2012, na baadaye Accra, Addis Ababa na Kigali. Waasisi wake, wakiwemo Richard Martin wa Marekani, Nithaya Chetty wa Afrika Kusini na Sandro Scandolo wa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, waliona kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa yabisi inaweza kufanywa kwa kompyuta, ambayo hupatikana kwa urahisi kuliko mtambo wa kuotesha fuwele.

Msingi wa hesabu hizo za kompyuta uliwekwa mwaka 1964, pale wanafizikia Hohenberg na Kohn walipothibitisha kwamba nishati ya elektroni zilizo katika hali yake ya chini kabisa huamuliwa na msongamano wake tu, yaani jinsi zilivyotawanyika ndani ya dutu, hata bila kuifuatilia kila elektroni peke yake. Mwaka uliofuata Kohn na Sham walionyesha njia ya kuikokotoa nishati hiyo, na mwaka 1998 Kohn akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Leo programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure, na fuwele ya silikoni, ambayo kipande chake kidogo kabisa kinachojirudia kina atomi 2, hukokotolewa kwa muda mfupi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

Ugumu uko kwenye kuyapima majibu. Ukitumia ukadiriaji wa kawaida wa jinsi elektroni zinavyoathiriana, pengo la nishati la silikoni, yaani nishati ya chini kabisa inayohitajika ili elektroni iachiliwe na kupitisha umeme, hutoka karibu nusu ya lile linalopimwa maabara, ambalo ni takriban eV 1.1 (elektronivolti, kipimo cha nishati ndogo sana). Anayejifunza peke yake anaweza kupoteza miezi akitafuta kosa katika faili lake, na mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi, ataiandika namba hiyo katika tasnifu bila kuitilia shaka. Upungufu huo unatokana na ukadiriaji wenyewe, nao umejulikana kwa miaka mingi. Ndiyo maana ASESMA haiishii kwenye mihadhara: washiriki huketi kwenye kompyuta wakafanya mazoezi, kisha hugawanywa katika vikundi vya miradi chini ya walezi, ambao baadhi yao waliwahi kuwa washiriki wa awamu zilizotangulia. Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Chagua dutu moja, soma yaliyokwisha kupimwa kuihusu, na katika maombi yako utaje swali unalotaka hesabu zikujibu.

SWALI: Kwa kuwa intaneti ipo, kwa nini watu wasafirishwe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mihadhara inaweza kufuatiliwa popote, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kosa la mpangilio wa atomi au la idadi ndogo mno ya nukta za kukokotolea, yaani sampuli ambazo kompyuta huzitumia kukadiria jibu, hubainika upesi zaidi pale mlezi anapoketi kando yako na kuangalia unachoandika. Aidha, anayekokotoa anamhitaji anayepima. Katika ukanda wetu wapo watafiti wanaotengeneza tando nyembamba za kunasia nishati ya jua, wengi wao wakiunganishwa na MSSEESA, mtandao wa sayansi ya dutu na nishati ya jua wa Afrika Mashariki na Kusini, na kwa maoni yangu ushirikiano wa namna hiyo ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Mtafiti wa Nairobi aliyepima mwanga unaofyonzwa na utando wake, na mwenzake wa Dar es Salaam aliyeukokotoa, wakiweka grafu zao mbili mezani, wataona mara moja ni wapi zinapotofautiana na nani arudie kazi yake.