Fundi Anajibu: Pedali ya breki inazama nikishikilia, na oili haipungui

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli ya zamani, haina ABS (ule mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki), mbele diski nyuma dramu, nabebea viazi kutoka Njombe na mara mojamoja nashuka nayo mpaka Dar. Tatizo ni breki. Nikisimama kwenye mataa nikashikilia kawaida tu, pedali inaanza kuzama yenyewe taratibu mpaka karibu chini kabisa, nikipampu mara moja inapanda, nikishikilia tena inazama. Ila nikikanyaga kwa nguvu inashika vizuri ndo maana naendelea kutembea nayo. Oili ya breki kwenye kopo haipungui. Fundi wa kwanza kafunga pedi mpya na katoa upepo mara mbili, hakuna mabadiliko. Wa pili anasema busta (kile kifaa cha vakyumu kinachosaidia mguu kusukuma breki). Wa tatu kaniambia niongezee oili ya injini kidogo ili breki iwe nzito. Nimsikilize nani? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Marahaba. Hapo usimsikilize hata mmoja, na huyo wa tatu naomba kabisa asiiguse gari yako. Oili ya injini ikiingia kwenye mfumo wa breki inavimbisha raba zote, za masta silinda (pampu kuu ya breki), za kalipa zinazobana diski, za silinda za nyuma, mpaka hosi, na ukishaimwaga humo hakuna kusafisha tena ikaisha, unabadilisha kila chenye raba. Kama bado hujaweka, shukuru.

Sasa angalia maelezo yako mwenyewe, maana umeshajibu nusu ya swali. Pedali inazama ukishikilia polepole, ukikanyaga kwa nguvu inashika, na oili haipungui. Hayo matatu yakikutana mtuhumiwa wa kwanza ni masta silinda. Ndani yake kuna pistoni mbili zenye sili za raba, ukibonyeza sili zinasukuma oili kwenda kwenye matairi na hazitakiwi kuiruhusu irudi nyuma. Mdomo wa sili ukilika, au ukuta wa silinda ukiota kutu, oili inapenya pembeni ya sili inarudi kulekule ilikotoka. Ndo maana huoni inavuja popote, inazunguka ndani kwa ndani. Na ukikanyaga ghafla presha inaupanua mdomo wa sili unagandamana na ukuta, kwa hiyo inashika, ila ukikanyaga taratibu mdomo haupanuki na oili inapita. Watu wengi sana wanadanganyika hapo, wanaona breki ya ghafla ipo wanasema gari nzima.

Busta ikifa pedali inakuwa ngumu, unakanyaga mpaka mguu unauma na gari haisimami, haizami. Upepo nao unafanya pedali iwe na sponji, inadunda, ukipampu inapanda na ukishikilia inabaki palepale. Na kama pedali inaenda chini sana kwanza halafu inakuwa imara, mara nyingi breki za nyuma zimelegea zinahitaji kukazwa. Kuna na ile ya kulainika ukiteremka mlima mrefu na mzigo, mfano Kitonga, halafu gari ikipoa breki inarudi. Hiyo ni oili imechemka kwa sababu ya kuvuta unyevu, oili ya breki ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205 lakini ikishavuta maji inaweza kushuka mpaka 140. Yako siyo hiyo, yako inazama hata kwenye mataa.

Ila usinunue masta kabla hujapima. Zima injini, pampu mpaka pedali iwe ngumu, halafu weka mguu kwa uzito mdogo tu na ushikilie kama dakika moja. Ikizama, kuna mahali oili inapita. Kisha tafuta uvujaji wa nje kwa macho yako, siyo kwa kuambiwa: upande wa ndani wa matairi yote, hosi, mabomba, na toa dramu za nyuma ufunue vile vikofia vya raba vya silinda, mara nyingi oili inajificha humo. Usisahau pale masta inapoungana na busta, sili ya nyuma ikichoka oili inaingia ndani ya busta na nje pakavu kabisa (ila hapo kopo lingepungua).

Pakiwa pakavu kote, fungua mabomba kwenye masta na uzibe matundu yake kwa plagi zenye nyuzi zinazolingana, toa upepo, kanyaga. Pedali lazima iwe ngumu kama jiwe. Ikizama hapo hamna ubishi tena, ni masta. Ikikaa imara, masta nzima na tatizo liko mbele yake, na wenye ABS ndo wanagundua hapa kwamba ni moduli. Kubana hosi na praizi ili kutafuta lilipo tatizo siungi mkono, unaumiza hosi kwa ndani.

Kuhusu kubadilisha seti ya raba peke yake au masta yote: fungua, pitisha ukucha kwenye ukuta wa ndani, ukikwama kuna mikwaruzo au kutu, na raba mpya hazitadumu humo. Mimi kwa gari ya mzigo nashauri masta mpya, yenye kipenyo kilekile, mara nyingi kimeandikwa kwenye bodi yake. Kubwa zaidi inafanya pedali kuwa nzito, ndogo inafanya iende chini sana. Itolewe upepo kwanza ikiwa kwenye vaisi, ndipo ifungwe, halafu matairi kuanzia la mbali na masta, kwa gari zetu za usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Hilux nyingi za zamani zina valvu ya mzigo huku nyuma (inayorekebisha breki za nyuma kulingana na mzigo), nayo ikiwa na nipo ya kutolea upepo usiiruke.

Na tafadhali, mpaka itengenezwe usipakie hata gunia moja. Sili inayopitisha leo kidogo haikuambii siku itakayopitisha yote, na wewe unapita barabara yenye watu.

SWALI: Fundi, nikiwa nimekanyaga breki nikapiga stati, pedali inashuka kidogo halafu inatulia. Ndo ugonjwa huohuo? (Msomaji, Voi)

JIBU: Hapana, hiyo ni nzima. Injini ikiwaka busta inapata vakyumu inakusaidia kusukuma. Ungepaswa kuhangaika kama isingeshuka. Cha kuangalia ni hicho ulichosema, inatulia. Ikiendelea kushuka injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta na mguu wako haujaongeza nguvu, rudi juu usome jibu la mwenzako wa Makambako.