Beringi ya spea ipakie grisi nyumbani, usisubiri porini

Mbukwenyi wadogo zangu. Hii naiandika kwa vijana mnaoanza udereva wa fildi huku kwetu Dodoma, wewe uliyekabidhiwa mkonga, yaani Land Cruiser, juzi ukaambiwa wiki ijayo unapeleka watu Kwamtoro, au unatoka Itigi unashuka Rungwa. Utaangalia tairi ya spea, utaangalia jeki, maji, dizeli, vizuri kabisa. Lakini beringi za matairi wengi mnazibeba kama zilivyotoka dukani, kwenye boksi lake, na kopo la grisi pembeni, mnasema ikiharibika tutapaka hukohuko. Hapo ndipo nataka tuongee.

Mimi nilibeba hivyohivyo. Mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa nane, tumeshapita Farkwa, tairi la mbele kushoto likaanza kuguruma, nikikata kona kulia sauti inazidi, nikikata kushoto inapungua. Nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini nikatikisa, linacheza. Nikafungua habu, ile sehemu ya katikati inayoshika tairi, beringi ya nje imeshakuwa ya bluu kwa moto. Spea ninayo, grisi ninayo, nikatandika gunia chini nikaanza kupakia kwa mkono. Sasa mwezi wa nane huku upepo mnaujua, vumbi linakuja limesimama kabisa, na grisi ikiguswa na vumbi haliachii, nafuta huku linaingia kule. Nikafunga hivyohivyo maana abiria walikuwa juani na mmoja wao mama mjamzito. Hatukufika mbali sauti ikarudi, nikatembea mwendo wa baiskeli mpaka mjini na moyo uko mkononi. Kuifungua, ile beringi mpya ina mikwaruzo kama imesuguliwa na msasa, na kweli ilisuguliwa na msasa, maana grisi yenye mchanga ni msasa tu uliolainishwa.

Tangu siku ile beringi yangu ya spea inatoka nyumbani imeshashiba grisi, imefungwa, porini kazi yangu ni kuchana mfuko na kuingiza.

Tuanze na hili linalowachanganya wengi. Beringi mpya ukiitoa boksini ina mafuta mafuta membamba, mtu anaona inateleza anasema hii imeshapakwa. Hapana, yale ni ya kuzuia kutu ikiwa stoo, ukiifunga hivyo itaungua mapema sana. Zile zilizozibwa kiwandani pande zote mbili za baadhi ya gari ndogo ndio zinakuja na grisi yake, ila hizi za rola zilizolala mshazari kama za mkonga unapakia mwenyewe.

Grisi chukua ya lithiamu namba 2 iliyoandikwa ni ya beringi za matairi, ikiwa lithiamu kompleksi bora zaidi maana inavumilia joto la breki. Ile nyeusi ya moly iache kwa ajili ya jointi za ndani. Na chagua aina moja uishike hiyohiyo kwenye habu na kwenye spea, kwa sababu grisi za misingi tofauti zikichanganyika nyingine zinalegea zinakuwa kama uji na kutoka kwenye sili, ule mpira unaoziba habu. Rangi isikudanganye, nyekundu mbili za makopo mawili zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, soma kopo.

Kupakia kwenyewe, fanya ndani ya nyumba, sio uani, asubuhi kabla upepo haujaamka, mikono imeoshwa na sabuni ikakauka, au vaa glavu, maana jasho la vidole linaacha alama na alama hiyo baadae inakuwa kutu. Weka donge la grisi kiganjani, shika beringi upande ule mpana uangalie donge, gandamiza ukingo huo kwenye donge kama unakwangua ugali, endelea mpaka uone grisi inachomoza upande wa pili katikati ya rola. Ikichomoza sogeza kidogo, gandamiza tena, mpaka uzunguke yote. Kupaka juu juu mpaka ing'ae sio kupakia, ndani ya keji, kile kizimba kinachoshika rola, patakuwa patupu na pale ndipo kazi ilipo. Ukimaliza izungushe kwa vidole, ongeza kidogo kwa nje, basi. Mimi siku hizi naweka beringi na grisi kwenye kifuko kizito cha zipu, natoa hewa, naminya kwa nje mpaka ishibe, halafu inabaki humohumo. Mkono hauchafuki na hakuna kinachoingia.

Ukitumia ya zamani iliyo nzima kama spea ya dharura, ioshe kwanza kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kionekane, ikauke kabisa, uikague kwenye mwanga. Ukiona kishimo hata kimoja kwenye rola, itupe. Na usije ukaizungusha kwa upepo wa kompresa kama mnavyoona gereji wanafanya inalia wiii, ile inazunguka kavu inajiumiza, na inaweza kupasuka rola zikakurukia usoni. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu vijana mnaona ni mchezo.

Kuhifadhi sasa. Usifunge kwa gazeti, karatasi inanyonya mafuta ya grisi halafu inashika unyevu, ukifungua baada ya masika unakuta kutu. Rambo zilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata zilipokuwepo zilikuwa nyepesi mno kwa kazi hii. Tafuta vifuko vizito vya zipu, au kontena dogo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, weka vifuko viwili kimoja ndani ya kingine, hewa yote nje. Kikombe, yaani ile ringi ya nje, kikae pamoja na beringi yake kilichozaliwa nayo, usichanganye. Habu ya mbele ina beringi mbili, ya ndani na ya nje, na saizi hazilingani, kwahiyo andika juu kwa makapeni: NDANI, NJE, aina ya grisi, mwezi na mwaka. Gizani na tochi mdomoni utajishukuru.

Halafu hivyo vifuko viwekwe wapi? Sio kwenye boksi la spana! Barabara zetu hizi zenye mawimbi kama bati zinatikisa masaa sita mfululizo, spana itatoboa mfuko na chuma kitagongana na chuma mpaka rola ziwe na alama kabla hata hazijafungwa. Mimi natumia ndoo ya rangi ya lita 4 iliyooshwa, chini naweka matambara safi, beringi zikae zimelala, juu matambara tena mpaka zisicheze, mfuniko, na ndoo inakaa chini nyuma ya siti, sio juu ya keria. Keria jua la Dodoma linapasha ndoo siku nzima na grisi ikipata joto muda mrefu mafuta yake yanachuruzika yanaiacha sabuni, yaani kile kinachoigandisha. Kila mwaka navifungua naangalia, nikikuta mafuta yamejitenga sana au grisi imekauka naosha napakia upya.

Humohumo ndooni weka na wenzake, maana beringi peke yake haitakufikisha: sili ya habu mbili (moja ukiipinda wakati wa kugonga unayo nyingine), wosha ya kufungia nati ile yenye masikio, gasketi, soketi ya milimita 54 ya ile nati kubwa, kipande cha shaba cha kugongea, na glavu. Kikombe cha zamani usikitupe, kikwangue kidogo kwa nje kisibane, kinakuwa kifaa cha kugongea kikombe kipya kiingie sawasawa bila kujeruhiwa na patasi. Mwenye nafasi kwenye gari abebe habu nzima ya spea, vikombe vimeshagongwa ndani, maana kugonga kikombe kando ya barabara ndio kazi ngumu kuliko zote. Kukaza nati fuata kitabu cha gari lako, unakaza huku unazungusha habu, unalegeza, unakaza tena kidogo, usikaze kwa hasira.

Kitu kimoja cha masika. Ukifika kwenye korongo lina maji baada ya mwendo mrefu, habu ni za moto. Ukiingia papohapo zinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kwenye sili, hasa sili ikiwa imechoka. Shuka, pima kina kwa mti, kunywa chai yako ya chupa, dakika ishirini hivi, ndio upite. Na ukirudi mjini, kama ulizamisha habu, fungua uangalie grisi, ikiwa imegeuka rangi ya maziwa haina maisha hiyo.

Njiani pia kila ukisimama pitisha nyuma ya mkono karibu na kila habu, iguse taratibu. Zote zikiwa vuguvugu sawa endelea. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili anza kujiuliza hapohapo, breki inakamata au beringi inaomba msaada.

Na ukitumia spea ile ya ndooni, siku unayorudi Dodoma, kabla hujaenda kuosha gari na kabla hujapeleka ripoti, nunua nyingine duka unaloliamini, ipakie, andika tarehe, irudishe ndooni.