Usiuze hisa kwa hasira

Dada, nimekuelewa: uko Marekani, una hisa za dola 3,000 kwenye kampuni ya mafuta, na uchafuzi wake unakunyima usingizi. Mimi ningebaki kwanza. Ukiuza, atazinunua asiyejali, na kura yako imekwenda.

Ukizishika miaka 3 mfululizo, dola 2,000 zinatosha kupeleka azimio mkutano mkuu, lisizidi maneno 500. Dai mapema barua ya dalali inayothibitisha umiliki. Kuchanganya hisa na rafiki ili mfikie kiwango hakuruhusiwi.

Mwaka 2021 Engine No. 1, kampuni ndogo ya uwekezaji yenye takriban asilimia 0.02 ya hisa za kampuni ya mafuta ya ExxonMobil, ilipata viti 3 vya bodi kwa kuungwa mkono na mifuko ya pensheni. Uandikie na mfuko wako wa pensheni!

Masharti hubadilika, muone mwanasheria kabla ya kutuma.