Mmea Adimu Ukiwa Ndani ya Hifadhi, Je, Umeshalindwa?

SWALI: Mhariri, mara kwa mara nasoma kwamba ardhi ya umma imetengwa ili kulinda mimea adimu ya asili. Je, kutenga ardhi kunatosha? Na kama mimea hiyo imebaki michache mno, kwa nini isihamishiwe kwenye bustani yenye watunzaji?

JIBU: Ndugu msomaji, kutenga ardhi ni lazima, kwa sababu huzuia mashamba, machimbo na majengo, lakini mpaka wa hifadhi hauzuii nyayo, moto wala maradhi. Tazama Potentilla robbinsiana, mmea wa maua ya manjano unaoota juu ya milima ya White Mountains nchini Marekani, ndani ya msitu wa taifa. Majani yake hujikusanya chini, katikati ya kokoto, kwa upana wa sentimita chache tu, hata mpanda mlima huweza kuukanyaga asijue. Ulikuwa tayari kwenye ardhi ya umma, na bado uliangamia kidogo kidogo, kwa kuwa njia ya wapanda milima ilipita mahali ulipoota kwa wingi. Mwaka 1980 uliingizwa katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Baadaye njia ilihamishwa, ukajengwa ukuta mfupi wa mawe, wageni wakaelezwa sababu, na miche iliyooteshwa kwa mbegu zake ikapandwa kwingine katika milima hiyohiyo. Mwaka 2002 ukaondolewa kwenye orodha. Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa ya ardhi ya umma: hapakuwa na mwenye shamba wa kubembelezwa ili njia isogezwe.

Mahali pengine ulinzi ni kutunza siri. Miti ya Wollemia nobilis, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika Hifadhi ya Taifa ya Wollemi nchini Australia, haifiki 100 iliyokomaa porini, na mahali ilipo hapatangazwi, maana kiatu cha mgeni kinaweza kuleta udongo wenye vimelea vinavyoozesha mizizi. Moto mkubwa wa mwaka 2019 na 2020 ulipoikaribia, wazimamoto walishushwa kwa helikopta wakaweka mitambo ya kuimwagilia maji.

Kuhusu bustani, nakubali kwamba ni akiba muhimu, ila haichukui nafasi ya pori. Mmea wa Encephalartos woodii, ambao kila mmoja huwa ama dume ama jike, ulipatikana mmoja tu, dume, katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, mwaka 1895. Mimea yote ya aina hiyo iliyomo bustanini leo ilitokana na mashina na machipukizi yake, na kwa kuwa jike halijapatikana, haiwezi kuzaa mbegu za aina yake. Bustani imeuhifadhi mmea mmoja kwa nakala nyingi. Kizazi kipya hakuna.

Kwa hiyo, mpango wa usimamizi wa hifadhi unapoletwa kwa wananchi watoe maoni, uliza mimea hiyo ilihesabiwa lini, njia za wageni zinapita wapi, na nani amepewa kazi ya kuiangalia kila msimu. Ukibahatika kuuona mmea adimu, wajulishe wasimamizi, na usiisambaze picha inayoonyesha mahali ulipo.