Mashine imesema tezi zangu za adrenali zimechoka. Nile nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nafanya kazi mapokezi hotelini Mwanza, wiki mbili mchana, wiki mbili usiku. Tangu mwaka jana nina uchovu usioisha hata nikilala. Nikiinuka ghafla naona kizunguzungu. Kuna dada alikuja kazini na mashine, unashika kichuma mkononi, karatasi inatoka. Yangu ilisema tezi za adrenali zimechoka kwa sababu ya msongo wa mawazo. Akaniuzia chupa tatu za vidonge vya kuzirutubisha, akaniambia niache chai na kila asubuhi ninywe juisi ya chungwa yenye chumvi. Nimemaliza chupa moja, sioni tofauti. Dawa nyingine situmii, ni krimu ya kung'arisha mwili tu ninayochanganyiwa dukani. Ni vyakula gani vinarudisha nguvu ya tezi hizi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza chakula na nitakujibu, ila kilichonishtua kwenye barua yako ni hiyo krimu uliyoitaja mwishoni ukaiwekea “tu”.

Mashine tuimalize haraka. Homoni za adrenali hupimwa kwenye damu, mkojo au mate. Kichuma cha kushika mkononi hakipimi hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo ile karatasi haikuambii lolote kuhusu tezi zako.

Tezi zenyewe ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo, uzito wake gramu 4 au 5 hivi. Sehemu ya nje hutengeneza kortisoli, inayosaidia sukari na shinikizo la damu visianguke, na aldosteroni, inayozuia figo kumwaga chumvi. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini, ile inayokudundisha moyo mbwa anapokukurupukia. Kortisoli haitoki ovyo. Ubongo hutuma amri kupitia tezi ndogo iliyo chini yake, pituitari, kwa homoni iitwayo ACTH. Kortisoli ikitosha, amri inapunguzwa.

Habari ya tezi “kuchoka” kwa msongo ilianzishwa mwaka 1998 na James Wilson, mtaalamu wa tiba mbadala wa Marekani. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazili, Cadegiani na Kater, walipitia tafiti 58 wakitafuta ushahidi wa ugonjwa huo, na hawakuupata. Uchovu wako ni wa kweli, sibishani nao. Ninachobisha ni jina ulilopewa, kwa sababu ukishalikubali unaacha kutafuta chanzo.

Sasa krimu. Mikorogo mingi inayouzwa kienyeji hutiwa steroidi kali, hasa clobetasol au betamethasone. Dawa hizi ni za jamii moja na kortisoli. Ukijipaka mwili mzima kila siku kwa miezi, zinapenya ngozi na kuingia kwenye damu. Ubongo unaona homoni imejaa, unaacha kutuma ACTH, na tezi zisipopata amri muda mrefu zinasinyaa. Yaani msongo hauzichoshi, lakini mkorogo unaweza kuzilaza. Vivyo hivyo vidonge vya prednisolone au dexamethasone vinavyomezwa kiholela ili kunenepa, na zile dawa “za asili” za viungo au pumu zinazoondoa maumivu kwa siku moja. Mara nyingine steroidi imechanganywa humo bila kuandikwa.

Hapa ndipo ninapokuomba usikilize vizuri: usiitupe krimu leo ukaacha ghafla. Kama tezi zimelala, ukiondoa ghafla ile homoni ya nje mwili unabaki bila kitu, na ukipata malaria au ajali katika hali hiyo, shinikizo linaweza kuporomoka hadi kuua. Kuacha utaacha, tena ni lazima, ila kwa mpango wa daktari. Tezi kuamka huchukua wiki, kwa wengine miezi mingi.

Upo pia ugonjwa ambapo tezi zenyewe zimeharibika. Thomas Addison aliueleza London mwaka 1855, na wagonjwa wake kadhaa walikuwa na kifua kikuu kilichokula tezi. Kwetu kifua kikuu bado kipo, na virusi vya UKIMWI vinaongeza hatari. Mgonjwa hukonda, hutapika, hutamani chumvi, hupata kizunguzungu akisimama, na ngozi huwa nyeusi zaidi. Kwetu sisi watu weusi, badiliko hilo halionekani kirahisi, kwa hiyo tazama fizi, mistari ya viganja na makovu. Anayejipaka mkorogo ndiyo kabisa, dalili inaweza kufunikwa.

Hospitali utapimwa kortisoli ya damu saa 2 asubuhi, kwa sababu kwa kawaida hupanda kuelekea alfajiri na kushuka kabisa usiku wa manane. Zamu za usiku huvuruga mpangilio huo, kwa hiyo waeleze ratiba yako. Waeleze pia kama unatumia vidonge vya majira; vile vyenye estrojeni hupandisha namba ya kipimo bila tezi kufanya kazi zaidi. Jibu likiwa la katikati, watakuchoma sindano inayofanana na ACTH waone tezi zinaitikaje. Na usitoke bila kupima wingi wa damu, sukari, homoni ya thairoidi, figo na ujauzito. Mwanamke wa umri wako mwenye uchovu na kizunguzungu, mimi huanza kushuku upungufu wa damu kabla ya adrenali.

Chakula, basi. Hakuna chakula kinachoamsha tezi iliyolazwa na steroidi. Tezi nzima nayo haidai chakula maalumu. Ni kweli adrenali zina vitamini C nyingi, na wauza vidonge hulipenda sana jambo hilo, lakini mahitaji ya mtu mzima ni miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na pera moja linatosha. Cha maana kwako ni kutoruka milo. Kula mlo kamili kabla ya zamu: ugali au viazi, maharage au dagaa, mchicha. Usiku wa manane kitu chepesi, uji wa ulezi au ndizi na karanga, badala ya soda na maandazi. Chai sikukatazi, kunywa mwanzoni mwa zamu, uiache kama saa sita kabla ya kulala. Ukifika nyumbani, pazia zito, simu mbali. Wiki za mchana, tembea juani asubuhi.

Juisi ya chungwa yenye chumvi iache. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na mboga zetu tayari tunazitia nyingi. Mgonjwa wa Addison huongezewa chumvi, lakini kwa kipimo. Mizizi ya urukususu (licorice) nayo, ambayo wengine huisifia kwa adrenali, hupandisha shinikizo na kushusha potasiamu, sikushauri.

Chupa mbili zilizobaki usizifungue. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipima virutubisho 12 vya “kusaidia adrenali”: vyote vilikutwa na homoni ya thairoidi, na 7 vilikuwa na homoni za steroidi. Zibebe pamoja na kopo la krimu, umwonyeshe daktari, wiki hii hii. Ukianza kutapika, kulegea sana au kuchanganyikiwa, usisubiri miadi: nenda idara ya dharura, na kabla hawajakuuliza, waambie unatumia mkorogo.