Ada ya kusajili domeini (jina la tovuti): tunabishania elfu ishirini kwa mwaka na kuacha jambo kubwa

Mleta mada ameuliza kwa nini jina la tovuti lilipiwe kila mwaka wakati jina halichakai wala halijazi ghala. Akapendekeza serikali itoe domeini za .tz, yaani zile za Tanzania, bure kwa vikundi vya wakulima, shule na wafanyabiashara wadogo. Naona wengi mmemuunga mkono. Mimi nipo upande mwingine, na naomba mnivumilie niandike kirefu, maana kutengeneza tovuti ndiyo kazi inayonilisha hapa Mbeya, na wateja wangu ni hao hao mnaowatetea: AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa Mbozi, shule binafsi Rungwe, wauza mchele wa Kyela, nyumba za wageni za Njombe.

Nawaambia kilichokipata kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa Mbozi. Kijana wa pale pale kijijini aliwasajilia domeini ya bure kwenye huduma mojawapo ya nje ya nchi. Wakafurahi, wakachapisha anwani ile kwenye vifuko vya sampuli wanavyowapa wanunuzi, kwa wino wa kijani, chini ya jina la kikundi. Ikafanya kazi vizuri tu. Halafu siku moja katibu akaifungua kwenye simu mbele ya afisa wa benki, wakati wanaomba mkopo wa msimu, na badala ya picha za mibuni ukatokea ukurasa wa kubashiri mechi. Baruapepe nazo zilikuwa zimekufa kimya kimya. Mnunuzi aliyechukua sampuli aliandika, barua zikamrudia, naye akahitimisha kwamba kikundi kimevunjika. Waliponiita, nilitafuta mahali pa kulalamika sikupaona. Hapakuwa na stakabadhi, hapakuwa na mkataba, na jina la kikundi halikuwa limeandikwa popote kama mwenye mali.

Ndivyo domeini nyingi za bure zilivyoendeshwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa Freenom ya Uholanzi, iliyogawa majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq. Angalieni vizuri: .tk ni ya visiwa vya Tokelau, lakini hizo nyingine ni za Mali, Gabon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Guinea ya Ikweta. Nchi nne za Afrika. Ukichukua jina la bure pale, mwenye usajili alikuwa kampuni yenyewe, wewe umepewa ruhusa ya kutumia tu. Na kwa kuwa jina halikugharimu kitu, matapeli waliyachukua kwa mafungu kutengenezea kurasa za uongo za benki na mitandao ya kijamii. Mwanzoni mwa 2023 Freenom ikasimamisha usajili mpya, Machi mwaka huo kesi iliyofunguliwa dhidi yake na Meta, wenye Facebook, ikajulikana hadharani, Juni Gabon ikairudisha .ga mikononi mwake na majina kwa mamilioni yakafutwa. Februari 2024 kampuni ikatangaza kuachana na biashara ya domeini. Mtu mwaminifu aliyekuwa na duka lake kwenye .ga alizolewa pamoja na wezi.

Kwa hiyo mdau anaposema "bure ndiyo haki ya mnyonge", mimi nawaona wale wanachama wa Mbozi. Aliyeumizwa na ile bure ni mnyonge huyo huyo.

Sasa hiyo ada inalipia nini? Ukiandika anwani ya .co.tz kwenye simu, simu inauliza seva (kompyuta zinazojibu maulizo ya mtandao) za juu kabisa za mfumo wa majina, zinaielekeza kwenye seva za .tz, na hizo zinaielekeza kwenye seva inayolijua jina lako. Hayo yanapita kabla hujapepesa jicho. Seva za .tz zikizima, hata tovuti ambayo mashine yake iko salama pale Mwanjelwa haionekani. Zinatakiwa ziwake usiku na mchana, ziwe zaidi ya sehemu moja, na kuwe na watu wanaotunza daftari la nani anamiliki nini tangu lini. Daftari hilo ndilo mali yenyewe. Hata upande wa namba za intaneti, zile za IP zinazotambulisha mashine mtandaoni, ambazo Afrika hugawiwa na AFRINIC iliyoko Mauritius na kulipiwa ada ya mwaka na makampuni ya mtandao, mwaka 2019 iligundulika kwamba namba kwa mamilioni zilichepushwa kwa sababu kumbukumbu zilichezewa kutoka ndani.

Ubishi huu si mpya. Zamani domeini zilikuwa bure kweli, kwa sababu Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ndio uliokuwa unalipa. Watumiaji wakati huo walikuwa zaidi vyuo na watafiti. Biashara zilipoanza kumiminika, mzigo ukawa haubebeki kwa kodi za wananchi, na Septemba 1995 Network Solutions, kampuni iliyokuwa inasajili majina hayo, ikaruhusiwa kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Watu walikuja juu, na kwa maoni yangu walikuwa na haki kwenye jambo moja: asilimia 30 ya pesa ile haikuwa ya kuendesha usajili. Ilikwenda kwenye mfuko wa kuendeleza intaneti kwa ujumla. Mwaka 1998 mahakama huko Marekani ikasema sehemu hiyo ni kodi ambayo Bunge halikuidhinisha, ingawa baadaye Bunge liliibariki, na ada ikashuka hadi dola 70.

Hapo ndipo na sisi tunapaswa kukodoa macho. Ada ya domeini ilipie domeini. Ikigeuzwa mrija wa kukusanyia mapato ya mambo mengine, mimi nitakuwa wa kwanza kupinga, na ninyi nyote nitawaita. Hofu yenu naielewa, kwa sababu mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilileta leseni ya blogu ambayo jumla ya malipo yake ilizidi milioni mbili kwa anayeanza, na wengi wakafunga. Lakini ile ilikuwa ada ya leseni ya maudhui. Humu jukwaani naona zinachanganywa, mtu anatukana ada ya domeini kwa dhambi ya leseni.

Kwa bei, mteja wangu wa kawaida analipia .co.tz elfu ishirini na kitu kwa mwaka. Haifiki nusu ya bei ya mfuko wa mbolea. Kikundi chenye wanachama mia kinashindwaje? Kinachowashinda ni kukumbuka. Mwenyekiti anabadilika, namba ya simu iliyosajiliwa ni ya mwenyekiti wa zamani, tangazo la kuisha muda linakwenda kwenye baruapepe isiyofunguliwa na mtu, na jina linadondoka.

Wanaokimbilia .com wakidhani ni nafuu, hesabu ni hii. Bei ya jumla ambayo Verisign, kampuni inayotunza daftari la .com, inawatoza wasajili, yaani makampuni yanayotuuzia majina, ilikuwa dola 7.85 hadi 2021, ikapanda kila Septemba, na kufika Septemba 2024 ilikuwa dola 10.26. Wakati huo huo dola kwetu ilitoka kwenye 2,300 ikapita 2,600. Ukizidisha, bei hiyo ya jumla ilitoka kama elfu kumi na nane hadi elfu ishirini na sita na ushee, kabla msajili hajaweka faida yake. Hakuna mtu wa Igurusi aliyeulizwa maoni. Angalau .tz tunalipa kwa shilingi, na tukiona tunaonewa tunajua mlango wa kugonga.

NGO za Iringa zenye .org nazo zisijione salama. Mwaka 2019 ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, iliondoa ukomo wa bei ya .org, na muda si mrefu kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital ikataka kuinunua rejista yake, yaani mwenye kutunza daftari la majina hayo, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mashirika yasiyo ya kiserikali dunia nzima yalipiga kelele mpaka ICANN ikakataa, tarehe 30 Aprili 2020. Kelele zilifaa pale kwa sababu walijua wanachokipinga: nani anashika rejista, na nani anamzuia asipandishe bei.

Na kwetu kelele tuzipeleke kwenye hili: jina la nani limeandikwa kwenye usajili. Kuna shule moja Tukuyu ina domeini ya .sc.tz, ile ya shule, ililipa kila mwaka bila kukosa. Fundi aliyewatengenezea aliandika jina lake mwenyewe kama mmiliki, na baruapepe yake, na nywila anayo yeye. Walipogombana kuhusu malipo ya kazi nyingine, akaizima tovuti wiki ambayo wazazi walikuwa wanatafuta fomu za kidato cha kwanza, akadai laki tatu ndipo aiachie. Mkuu wa shule alinionyesha stakabadhi zote, amezipanga vizuri kwenye faili. Zote zinasema pesa imepokelewa. Hata moja haisemi domeini ni ya shule. Tulirudisha kwa barua yenye muhuri, cheti cha usajili wa shule na kumsumbua msajili kwa simu kila asubuhi, lakini msimu wa kuandikisha wanafunzi ulikuwa umekwisha.

Fundi wa namna hiyo ndiye anayekula pesa nyingi kuliko ada yoyote. Mimi ningetaka sheria imlazimishe msajili kumtumia mwenye kikundi ujumbe mfupi wa simu wakati wa kusajili, ukitaja jina la mmiliki, na tena mwezi mmoja kabla muda haujaisha, kwa namba mbili tofauti. Ningetaka pia bei itangazwe hadharani na isipandishwe bila notisi ndefu. Na kama serikali inataka kusaidia vikundi, iwalipie mwaka wa kwanza kwa jina lao halisi. Jina lisajiliwe kama mengine yote, na stakabadhi itoke.

Mdau wa Makambako uliyeuliza kama ulipie mwaka mmoja au mitano: kabla ya kulipa chochote, tafuta jina lako kwenye huduma ya whois ya .tz (ukurasa wa kutafuta taarifa za usajili wa jina) uone mmiliki ni nani. Kama maelezo ya mmiliki yamefichwa, mwambie msajili akutumie kwa maandishi. Ukikuta ni jina la fundi, usiongeze hata shilingi mpaka abadilishe. Ukikuta ni jina la kikundi chenu, lipia mitano, kisha weka namba ya mhasibu pamoja na ya mwenyekiti.