Ujumbe Mfupi Unaposhindwa Kutoka: Tafuta Kwanza Ulipokwama

Mwaka juzi tulifiwa na mjomba wetu hapa Tanga, alfajiri, na wazee wakakubaliana kwamba maziko yafanyike siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri. Kazi ya kuwaarifu ndugu nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na namba za karibu wote. Nikiwa nyumbani Ngamiani niliandika ujumbe mmoja mrefu, nikautuma kwa watu 18 kwa mkupuo, kisha nikaiweka simu pembeni na kuendelea na shughuli za msiba. Nilipoitazama tena ilikuwa saa nane mchana, na chini ya ujumbe wangu palikuwa na alama nyekundu na maneno kwamba haukutumwa. Wengi walikwisha kupigiana simu wenyewe, lakini mama mkubwa, anayeishi upande wa Muheza na kutumia simu ya kitochi, alipata habari jioni, wakati watu wamekwisha rudi kutoka makaburini. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonifanya niazimie kulielewa jambo hili hadi mwisho wake.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu na kuianzisha upya. Nilikataa, kwa sababu picha za mwisho za mjomba zilikuwa humo. Leo najua kwamba kufuta simu nzima ni hatua ya mwisho kabisa, na kwamba mara nyingi haihitajiki.

Kinachofaa kujulikana kabla ya kugusa mpangilio wowote ni kwamba ujumbe mfupi hauendi moja kwa moja kutoka simu yako hadi simu ya mwenzako. Hutoka kwenye simu, ukapokelewa na mnara, ukapelekwa kwenye kituo cha ujumbe cha mtandao wako, na kituo hicho ndicho kinachoutafutia njia hadi kwa mpokeaji. Simu yake ikiwa imezimwa, kituo huuhifadhi kwa muda na kujaribu tena. Kwa hiyo ujumbe ulioandikiwa kwamba haukutumwa umekwama upande wako, kabla ya kituo. Ulioandikiwa kwamba umetumwa, lakini mwenzako hajauona, umekwama mbele zaidi, na kuhangaika na mipangilio ya simu yako hakutausogeza. Washa ripoti za kufika kwa ujumbe ili uweze kuzitofautisha hali hizi mbili.

Mambo mepesi niyapitie haraka: salio au kifurushi cha ujumbe kilichokwisha, hali ya ndegeni iliyoachwa imewashwa, na namba iliyohifadhiwa vibaya, hasa inapoandikwa +255 kisha sifuri ya mwanzo ikaachwa palepale. Mwenye laini mbili atazame ni ipi iliyochaguliwa kutuma ujumbe, kwa maana inawezekana umenunua kifurushi kwenye laini moja huku simu inatumia nyingine. Tena usidanganyike kwamba mtandao upo kwa sababu WhatsApp inafanya kazi. Ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi, WhatsApp hupita huko, ilhali ujumbe wa kawaida huhitaji laini yako iwe imeshika mnara. Washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika kisha uizime, ili laini itafute mnara upya.

Kosa langu la siku ya msiba halikuwamo katika hayo, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu. Simu nyingi za Android, ukiandikia watu wengi kwa pamoja, huugeuza ujumbe kuwa wa kikundi, yaani MMS, ambao ni wa aina ileile inayobeba picha na ambao hupita kwenye data ya laini. Mimi nilikuwa nimezima data ili kutunza kifurushi. Simu ikajaribu, ikashindwa, ikanyamaza. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya programu ya ujumbe, kutafuta sehemu ya ujumbe wa kikundi, na kuchagua kila mtu apelekewe SMS yake peke yake. Kwa sisi wenye wazee wanaotumia vitochi, naona mpangilio huo ndio unaostahili kuwapo siku zote.

Baada ya kubadili hilo nikagundua jambo la pili. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ukitia ndani yake kikaragosi (emoji) kimoja tu, au alama isiyomo katika orodha ya herufi za kawaida za SMS, nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, kila kipande kikiwa na herufi 153 katika hali ya kwanza na 67 katika hali ya pili. Ujumbe wangu ulikuwa na herufi 300 hivi pamoja na kikaragosi cha mikono ya dua. Bila kikaragosi hicho ungekuwa vipande viwili, sawa na SMS 36 kwa watu 18. Pamoja nacho ulikuwa vipande vitano, sawa na SMS 90. Kifurushi kidogo hukatika katikati ya safari ya namna hiyo, na baadhi ya simu, zikiona vipande vimekuwa vingi, huugeuza ujumbe kuwa MMS hata kama unamwandikia mtu mmoja. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee hapa: alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Ritifaa iliyonyooka haina tatizo, lakini ile iliyopinda, ambayo mara nyingi huja tunaponakili maneno kutoka kwingine, huushusha ujumbe wote hadi herufi 70.

Ikiwa hata ujumbe mfupi kwa mtu mmoja haukutoka, toa laini uiweke katika simu ya ndugu unayemwamini, ujaribu kutuma. Ukitoka, tatizo limo katika simu yako. Usipotoka, limo katika laini au mtandao. Jaribio hilo la dakika tano lingeniokolea safari mbili za kwa fundi. Kama ni lazima umwachie fundi laini, usimtajie namba ya siri ya pesa zako kwa sababu yoyote ile.

Laini ikithibitika kuwa nzima, hakikisha katika simu yako kwamba programu unayotumia ndiyo iliyowekwa kuwa chaguomsingi ya ujumbe, kisha futa akiba yake ya muda (cache), jambo ambalo haliondoi mazungumzo yako. Tazama pia kama huduma ya RCS, yaani ujumbe wa kisasa unaopita kwenye intaneti badala ya njia ya SMS, imewashwa, kwa kuwa hiyo hutegemea intaneti, na data ikikatika ujumbe unaweza kukaa muda mrefu ukisema unatuma. Iache ikikufaa, ila uiruhusu kurudi kwenye SMS intaneti inapokosekana. Baadhi ya simu za Android zinakuruhusu kuona namba ya kituo cha ujumbe kwa kubonyeza *#*#4636#*#*. Ikiwa sehemu hiyo ni tupu au ina makosa, waulize watoa huduma wa mtandao wako, wala usijaze kwa kubahatisha. Na laini ikiwa ndiyo yenye matatizo, piga *106# uhakiki usajili wake kabla ya kwenda kuibadilisha.

Nilipomaliza kurekebisha yangu nilikwenda Muheza kumtazama mama mkubwa, nikaomba simu yake. Kisanduku cha ujumbe kilikuwa kimejaa matangazo ya miaka, kiasi kwamba hata kama wangu ungetoka siku ile, usingepata pa kuingia. Tulikaa barazani tukayafuta moja baada ya jingine, yeye akinisomea majina ya watumaji nami nikibonyeza, kisha nikamwandikia mstari mmoja kutoka kwenye simu yangu. Simu ikalia mkononi mwake, na chini ya ujumbe wangu ikatokea ripoti kwamba umefika.